Maisha ya Grand Kallé: Mali Bila Daftari

Kila mwaka katika kurasa hizi tunasoma maisha ya watu mashuhuri. Tumesoma sana kuhusu viongozi wa siasa na watunzi wa vitabu. Safari hii nimeonelea tumwangalie mwanamuziki. Huyu si mwingine ila Joseph Kabasele Tshamala, aliyejulikana Afrika nzima kwa jina la Grand Kallé, yaani Kallé Mkuu.

Huenda wengi wenu hamlijui jina hilo. Lakini sauti yake mmeisikia. Ukipanda matatu ya kwenda Emali na dereva akiwa mtu wa makamo, rumba ya zamani haikosi. Ukiingia sokoni Loitokitok siku ya Jumanne au Jumamosi, wauza kanda wa zamani sasa wanauza nyimbo ndani ya flashi, na humo ndani wazee wa Kongo wamo. Kallé ndiye aliyewafungulia njia wengi wao.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa fundi wa kuimba. Pili, maisha yake yanatuonyesha jambo ambalo mwalimu wetu wa Biashara halichoki kulirudia: kazi bila mapatano huzaa ugomvi, hata kama wanaoifanya ni chanda na pete. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tega sikio.

Kuzaliwa na ujana wake

Kabasele alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 huko Matadi, mji wa bandari kwenye mto Kongo. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wabelgiji. Akiwa bado mdogo alihamia Léopoldville, mji mkuu, ambao tangu 1966 unaitwa Kinshasa. Huko ndiko alikokulia, akasoma, na kuimba katika kwaya ya kanisa. Sauti yake ilikuwa laini na nyembamba, isiyopiga kelele. Alipotoka shuleni alifanya kazi ya kupiga taipu ofisini. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima sana kwa kijana Mwafrika wa siku zile, kazi ya shati jeupe na tai. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye muziki.

Ili tuelewe yaliyompata baadaye, ni lazima tujue jinsi biashara ya muziki ilivyokuwa pale Léopoldville. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafanyabiashara wa kigeni, wengi wao Wagiriki, walifungua studio za kurekodi. Ngoma ilianza mwaka 1948, na Loningisa na Opika zikafuata baadaye kidogo. Mwanamuziki hakuwa na gitaa lake, hakuwa na kipaza sauti chake, wala hakuwa na mashine ya kutoa santuri. Vyote hivyo vilikuwa vya mwenye studio au mwenye baa. Kijana aliimba, akapewa kiasi fulani cha pesa, akaenda nyumbani. Santuri ikiuzwa elfu moja au elfu hamsini, hayo hayakumhusu tena. Kwa hivyo watu wakazoea kwamba mwenye vyombo ndiye bosi, na neno la bosi ndilo mkataba.

Kuundwa kwa African Jazz

Kallé alikuwa akirekodi katika studio ya Opika. Mwaka 1953 yeye na wenzake wakaanzisha bendi wakaiita African Jazz. Jamani, hiyo haikuwa bendi ya mchezo! Gitaa lilipigwa na Nicolas Kasanda, aliyejulikana baadaye kama Docteur Nico. Huyu alizaliwa 1939, kwa hivyo aliingia katika muziki akiwa na umri kama wetu au chini yake. Kaka yake, Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud, alipiga gitaa la kuandamana naye. Ndugu hao wawili waliposhikana kwa nyuzi, mtu hukujua gitaa moja limeishia wapi na la pili limeanzia wapi.

Katika miaka hiyo Kallé alitoa wimbo wa Parafifi, alioutunga kumsifu Félicité Safouesse, mtangazaji wa redio wa Brazzaville, ng'ambo ya mto. Wimbo ukavuka mto na kurudi. Kallé akawa kipenzi cha watu. Alivaa vizuri, alisema kwa upole, na alipenda kutoa. Wanaomkumbuka husema mkono wake ulikuwa wazi daima: rafiki akija na shida, pesa zilitoka mfukoni bila maswali. Tabia hiyo ni njema, hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa ukarimu. Lakini mfuko huo huo ndio uliotakiwa kuwalipa wanabendi. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza kuingia dosari.

Mwaka 1957 Opika ikafungwa na African Jazz wakahamia studio mpya ya Esengo. Miaka miwili baadaye kijana mmoja mtunzi, aliyekuwa akimpelekea Kallé nyimbo tangu alipokuwa shuleni, akajiunga na bendi moja kwa moja. Jina lake ni Pascal Tabu, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Tabu Ley Rochereau. Sasa bendi ilikuwa na mwimbaji bora, mpiga gitaa bora na mtunzi chipukizi ambaye hakuwa na mfano. Vipaji vilijaa. Kilichokosekana ni karatasi moja tu, yenye kueleza nani ni nani na kila mtu apate nini.

Safari ya Brussels

Mwezi wa Januari 1960, viongozi wa Kongo waliitwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, kwenye mkutano uliojulikana kama Meza ya Duara. Walikuwa wanajadili uhuru. Thomas Kanza, msomi wa Kikongo, akaona kwamba wajumbe hawawezi kukaa nchi ya baridi wiki nyingi bila muziki wa kwao. Akafanya mpango wa kumwalika Kallé na bendi.

Hapa, msomaji, angalia jambo moja. Waliosafiri hawakuwa African Jazz kamili. Kallé, Nico, Dechaud, Roger Izeidi na mpiga ngoma Petit Pierre walikwenda. Lakini Vicky Longomba na Brazzos walitoka OK Jazz, bendi ya Franco, ambayo ilikuwa mshindani wao mkubwa. Rochereau alibaki nyumbani. Mwaliko mmoja unaweza kuibadilisha bendi nzima: huyu anapanda ndege, yule anabaki kwenye baa. Mambo kama hayo yakipangwa kwa mdomo tu, kila mtu hujaza maelezo anayoyataka moyoni mwake.

Tarehe 27 Januari ikaamuliwa kuwa Kongo itapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kallé na wenzake wakatoa wimbo wa Indépendance Cha Cha, wakaupiga katika Hoteli ya Plaza mbele ya wajumbe. Wimbo huo unataja vyama na viongozi waliokuwa kwenye mkutano, na umechanganya lugha za Kikongo ili kila mtu ajione yumo. Redio zikaubeba. Nchi nyingi za Kiafrika zilizokuwa zinangoja uhuru wao ziliucheza kana kwamba umetungwa kwa ajili yao. Sidhani kama kuna bendi nyingine Afrika iliyowahi kualikwa kwenye shoo iliyozaa matunda makubwa kama hiyo.

Kallé hakurudi mikono mitupu. Alianzisha lebo yake ya santuri, Surboum African Jazz, akiwa mmoja wa Waafrika wa kwanza pale Kongo kufanya hivyo. Mwaka 1961 akawasaidia hata OK Jazz, washindani wake, kwenda Brussels kurekodi. Nani kati yetu angemsaidia mpinzani wake namna hiyo?

Huko Brussels pia alikutana na Mkameruni mmoja mpiga saksafoni, Manu Dibango. Akamwomba aje Léopoldville kupiga muziki. Makubaliano yalikuwa kama ya mwezi mmoja tu. Dibango alifika mwaka 1961, na huo mwezi mmoja ukageuka kuwa karibu miaka miwili! Alipiga na African Jazz, akaendesha klabu, mwishowe akafungua klabu yake mwenyewe. Kwake mambo yalikwenda vyema na alijifunza mengi. Lakini ona jinsi mapatano ya siku zile yalivyovutika kama ulimbo.

Bendi yavunjika

Sasa tufike kwenye uchungu. African Jazz ilikuwa juu kileleni, kama theluji ya Kilimanjaro tunayoiona kutoka dirishani. Watu walijaa kwenye kumbi. Lakini nyuma ya pazia wanabendi walikuwa wakinung'unika. Nyimbo walizitunga wao, magitaa waliyapiga wao, usingizi waliukosa wao, na pesa walizopata waliziona haba. Lebo ilikuwa ya Kallé. Jina lilikuwa la Kallé. Mialiko ilipitia kwa Kallé.

Je, Kallé alikuwa mwizi? Mimi sioni hivyo. Hebu fikiria. Kama mtu hukubaliana tangu mwanzo kwamba kiingilio cha mlangoni kigawanywe namna hii, nauli itolewe kabla au baada ya kugawana, na mtunzi apate zaidi ya mpiga ngoma au wawe sawa, basi kila mtu atapiga hesabu yake. Bosi ataona amelipa vizuri kwa sababu anakumbuka matumizi yote, pamoja na yale aliyowasaidia wenzake walipofiwa au walipougua. Mpiga gitaa ataona ameonewa kwa sababu alihesabu watu waliojaa ukumbini. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli! Hiyo ndiyo hatari ya mapatano ya mdomo. Hayahitaji mwongo ili yalete vita.

Mwaka 1963 jipu likapasuka. Nico, Dechaud, Rochereau, Roger Izeidi na wenzao wakamwacha Kallé. Karibu bendi nzima ilitoka. Wakaunda African Fiesta, ambayo mara moja ikashika mahali pa African Jazz. Mwaka huo huo ambao Kenya ilikuwa ikipandisha bendera yake, tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyeliimbia bara zima wimbo wa uhuru alikuwa ameachwa na vijana aliowalea. Walipata uhuru wao kutoka kwake.

Kallé alijaribu tena. Alikusanya wanamuziki wengine akaendelea na jina la African Jazz, ila nguvu za awali hazikurudi. Na wale waliotoka je, walistarehe? La. Mwishoni mwa mwaka 1965 African Fiesta nayo ikapasuka. Rochereau na Izeidi wakaenda upande wao na kuanzisha African Fiesta National, naye Nico na kaka yake wakaanzisha African Fiesta Sukisa. Kumbe waliondoka na magitaa na pia na ugonjwa! Walikuwa wamembadilisha bosi tu, daftari bado halikuwepo.

Ugonjwa huo ulifika mpaka kwetu Kenya. Mwaka 1975 Baba Gaston, mwanamuziki kutoka Kongo ambaye wazazi wetu wanamjua kwa wimbo wake wa Krismasi, alihamia Nairobi na bendi yake. Mwaka uliofuata, 1976, wanamuziki wake kadhaa wakajitenga wakaunda Les Mangelepa. Mwaka 1978 wanamuziki wa Simba Wanyika nao wakatoka wakazaa Les Wanyika. Sisi mashabiki tumefaidi, kwa sababu tumepata bendi mbili mahali pa moja. Lakini kwa waliokuwa ndani, kila mgawanyiko ni urafiki uliokufa.

Na hapa kwetu je?

Huenda mwenzangu utasema hayo ni mambo ya Kongo na ya zamani. Ngoja nikupe mfano wa juzi. Mwaka jana kulikuwa na harusi upande wa Kimana, ya mtu wa ukoo wetu. Kamati ilimpigia simu DJ mmoja, jina lake nalihifadhi. Walielewana bei ya shilingi 12,000, wakamtumia 5,000 kwa M-Pesa kama rubuni. Hakuna kilichoandikwa zaidi ya ule ujumbe wa simu wa kuonyesha pesa zimeingia.

Siku ya harusi DJ alikuja saa tano badala ya saa tatu. Akauliza petroli ya jenereta iko wapi. Kamati ikasema petroli ni yake, ndiyo maana bei ni 12,000. Yeye akasema bei ni ya kazi na vyombo, petroli na nauli ya pikapu ni ya mwenye sherehe, kila mahali iko hivyo. Wakabishana mpaka mzee mmoja akatoa pesa mfukoni. Saa kumi, kabla ya keki kukatwa, DJ akadai salio lake lote. Mweka hazina akasema atalipwa kazi ikiisha. Basi jamaa akakunja nyaya zake, akapakia spika akaenda. Bibi harusi alilia. Kama si akina mama wa Kimaasai waliosimama wakaanza kuimba na kurukaruka na shanga zao, sherehe ingeisha kama matanga.

Ukimuuliza DJ, alionewa. Ukiuliza kamati, iliibiwa. Mimi nikawaza: hii ndiyo African Jazz ya mwaka 1963, imekuja Kimana!

Nilimwendea mwalimu wa Biashara akanieleza kuwa nchini Kenya mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, na kwamba mapatano ya mdomo pia yanaweza kuwa mkataba halali. Shida ni ushahidi. Ukienda mbele ya hakimu na maneno matupu, mwenzako naye ana maneno yake. Alisema pia tangu sheria ya mwaka 2016 kumekuwa na utaratibu wa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini bora kuzuia kuliko kutibu. Karatasi moja ya daftari la shule inatosha. Iandikwe siku na saa ya kufika, saa ya kumaliza, bei yote, rubuni, salio litalipwa lini, na nani analipia petroli, nauli, chakula na malazi. Iandikwe pia mvua ikinyesha au mtu akiugua itakuwaje, na upande mmoja ukivunja ahadi rubuni itarudi au haitarudi. Pande zote mbili zitie sahihi mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala.

Tena wale wenzetu wanaoimba injili na wanaorap kwenye tamasha za muziki, kama bado hamjafika miaka 18, msitie sahihi karatasi ya mtu yeyote bila mzazi au mlezi kuisoma. Na kikundi kikiwa cha watu watatu, kwanza mwandikiane nyinyi wenyewe kabla ya kuandikiana na mwenye sherehe. Ugomvi wa Kallé haukutoka nje ya bendi, ulitoka ndani.

Mwisho wa safari

Baada ya miaka ya sitini Kallé alikaa kwa muda Ulaya. Karibu na mwaka 1970, huko Paris, alirekodi na kundi lililoitwa African Team, na humo alikuwemo tena Manu Dibango. Hilo lanifurahisha, kwamba yule aliyeitwa kwa mwezi mmoja alikuwa bado rafiki baada ya miaka karibu kumi. Lakini African Jazz haikufufuka. Kallé alirudi nyumbani, afya yake ikazorota, na tarehe 11 Februari 1983 akafariki dunia huko Kinshasa akiwa na umri wa miaka 52. Hakufa tajiri.

Nico alimfuata mwaka 1985. Tabu Ley alifariki mwaka 2013, na Manu Dibango mwaka 2020. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Dunia nzima sasa imekiri kwamba kazi ya akina Kallé ni mali. Ni mali kweli, ila wenyewe walipokuwa hai hawakuweza kukaa mezani wakaigawanya kwa amani.

Wenzangu, namheshimu sana mzee huyu. Aliwapa wengi nafasi, na hata waliomwacha waliondoka na ufundi alioukuza. Lakini ukarimu hauwezi kufanya kazi ya kalamu. Mtu mkarimu akikosa kuandika, rafiki yake hukisia, na kisio likikataa kulingana na mfuko, urafiki huvunjika. Muhula ujao chama chetu kinatafuta kikundi cha kututumbuiza Siku ya Kiswahili. Naomba katibu wetu aje na kalamu kabla ya mweka hazina kuja na pesa.